Msimu wa Hakuna Kitu

Jumapili, Machi 2

Daftari hili kanipa dada yangu mkubwa, yule anayejifanya mama wa pili. Kasema: "Andika kila siku, hata mstari mmoja. Shule uliikimbia kidato cha pili, basi angalau mwandiko usikukimbie." Nikamwambia mwandiko wangu ni kama wa daktari. Akasema huo ndio ugonjwa wenyewe.

Haya. Atakayelisoma nikishakuwa mtu mkubwa asipotee: mimi ni askari wa msitu. Si mlinzi wa geti, si mtunza bustani. Askari mwenye sare, kofia na redio ya upepo. Kituo chetu kiko ukingoni mwa msitu wa hifadhi, nyumba ya matofali yenye chumba cha mkuu, chumba cha kulala na stoo. Tuko wanne: wa kwanza ni Kobe, mkuu wa kituo. Hatembei haraka, lakini hujawahi kufika mahali ukakuta yeye hajafika. Nilishashindana naye mara mbili na sitaki kulizungumzia. Wa pili Mama Pacha, mwenzangu wa doria, mama wa pacha wawili wenye ndimi kama wa kwake. Wa tatu Redio. Goti lake bovu, kwa hiyo anabaki kituoni kupokea taarifa zetu, na anaongea hata mitambo ikiwa imezimwa. Wa nne na bora kuliko wote ni mimi, Meno. Wameniita hivyo kwa sababu meno yangu meupe yamejipanga kama gwaride. Wivu tu.

Jumatatu, Machi 3

Mvua ya kwanza. Doria. Hakuna kitu.

Jumanne, Machi 4

Doria. Mvua. Hakuna kitu.

Alhamisi, Machi 6

Leo nieleze hii hakuna kitu, maana itanichosha.

Kazi yetu ni kuzunguka msitu tukitafuta mitego ya waya. Jangili anafunga kitanzi kwenye mti, pale mnyama anapopita. Mnyama akiingiza mguu au shingo, akivuta kinambana, akizidi kuvuta kinazidi kumbana. Sisi tunategua na kuondoka na waya. Mama Pacha anasema walipoanza walikuwa wanarudi na nyaya za kujaza magunia, mabega yanachubuka. Magunia yenyewe yamejaa stoo, huwezi kupata ufagio mpaka uyapande. Ila mimi nimeajiriwa mwaka jana mwishoni, na toka nifike, wapi! Nilikuja kupigana vita nikakuta vita imekwisha na washindi wanaota moto.

Jioni ni wimbo uleule.

"Kituo, kituo, doria hapa."

"Nakupata, doria. Mna nini?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu, nimepokea. Na mimi hapa chai imekwisha, kuku kaingia ofisini, na goti linasema kesho itanyesha..."

Mama Pacha anazima.

Mpaka wetu ni mto. Ng'ambo ni msitu uleule, mnyama haulizi upande. Zamani ng'ambo kulikuwa na kituo na askari wake. Mwaka jana mfuko uliokuwa unawalipa ukafungwa, wakapewa asante na fulana, wakaondoka. Mmoja sasa anauza vocha sokoni. Kobe kasema hatuna ruhusa ya kuvuka, hatulipwi kwa ng'ambo. Nikamuuliza, "Mkuu, na jangili anajua kwamba ng'ambo haina mtu?" Akaniangalia kama anayesoma tangazo la zamani, akaenda zake.

Jumamosi, Machi 8

Mapumziko, nimekwenda nyumbani. Kwa mshahara wangu wa kwanza nilimwezekea mama bati, lakini lilitosha upande mmoja. Upande wa pili bado turubai. Mvua ikinyesha mama anahamia upande wa bati na kitanda chake, na mtungi, na kuku. Anawaambia majirani, "Huku ni kwa mwanangu afisa." Nikasikia raha mpaka masikio yakawaka.

Halafu akauliza, "Wiki hii mmekamata nini, baba?"

Ningemwambiaje hakuna kitu? Nikamwambia tulikimbizana na majangili sita wenye mapanga. Dada alikuwa anaosha vyombo. Akasema, "Mbona juzi walikuwa wanne?" Nikasema wameongezeka.

Jumatatu, Machi 10

Mvua. Doria. Buti la kushoto linakunywa maji kuliko ng'ombe. Hakuna kitu.

Alhamisi, Machi 13

Leo si siku ya mstari mmoja.

Amekuja afisa wa miradi kutoka makao makuu, yule tunayemwita Bi Jedwali, kwa sababu kila kitu chake kina mistari ya kushuka na ya kukatiza. Mkimpa chai anatafuta safu ya kuiandika. Si mtu mbaya, nakiri. Kashuka na boksi la fulana na boksi la vikombe vyenye nembo. Vikombe tena! Tayari tunavyo mpaka kuku tunawanyweshea.

Akatuketisha stoo, maana ndiyo chumba kisichovuja.

"Nina habari, na siyo nzuri," akasema. "Mitego mnayotegua imepungua. Mwaka juzi mingi, mwaka jana michache, mwaka huu hakuna. Wafadhili wameangalia jedwali wakauliza: kama hatari imekwisha, askari wa nini?"

Redio akanyamaza. Nikajua mambo yameharibika.

Mama Pacha akasema, "Bibi, mitego hakuna kwa sababu sisi tupo."

"Mimi najua, Mama Pacha. Lakini jedwali lina safu ya mitego iliyoteguliwa. Halina safu ya kitu ambacho hakikutokea."

"Na ile droni mliyotuletea?" nikauliza. "Bado iko kwenye boksi."

"Hela ya vifaa ipo, kijana. Hela ya mtu wa kuirusha ndiyo haipo. Wengi wanapenda kununua kitu wanachoweza kukibandika nembo."

"Basi nibandike mimi," nikasema. "Hapa kwenye paji la uso. Nina uso mzuri."

Hata Kobe alicheka. Lakini kicheko hakikufika mbali. Mfadhili mwenyewe atakuja mwishoni mwa Aprili. Akiona hakuna sababu, mikataba yetu inakwisha pamoja na mvua, na hela inapelekwa kwingine kwenye mitego mingi.

Bi Jedwali alipoondoka nilimkuta Mama Pacha nyuma ya nyumba anakunja fulana mpya, anaikunja na kuikunjua. Sikupenda.

Ijumaa, Machi 14

Hakuna kitu. Leo nimelisema kwenye redio taratibu, Redio akaniomba nirudie.

Jumapili, Machi 16

Nimepata dawa. Kama kuna siku walimu wangu wangepaswa kuniomba radhi kwa kuniita kichwa maji, ni leo.

Wanataka mitego? Stoo imejaa mitego! Nachukua nyaya chache za zamani, natangulia asubuhi nikisema naenda kukagua njia, nazitundika. Baadaye napita na Mama Pacha, "Haa! Mtego!" tunategua, Redio anapokea, Bi Jedwali anajaza safu yake, mfadhili anatia sahihi, mama anamaliza bati. Hakuna anayeumia. Sijui kwa nini watu wenye digrii hawakuliwaza.

Jumanne, Machi 18

"Kituo, kituo, doria hapa!"

"Nakupata, doria. Mna nini?"

"Tumepata! Mitego miwili!"

Redio alipiga kelele mpaka redio yenyewe ikakoroma. Jioni Kobe alinikamata bega, akasema, "Jicho zuri." Kobe huyo! Mtu ambaye sifa zake huja kama bati, moja kwa mwaka.

Mama Pacha aliuzungusha waya mkononi, akautazama, akauweka mfukoni. Amechoka tu.

Alhamisi, Machi 20

Mitego mitatu. Mimi ni tai.

Ijumaa, Machi 21

Mvua kubwa usiku na mchana. Hatukutoka. Mto unasikika mpaka chumbani, kama watu wanaohamisha vyombo.

Jumamosi, Machi 22

Kuna siku za kuandika na siku za kutaka daftari lisiwepo. Lakini dada alisema kila siku.

Tulikuwa njiani, mimi mbele natafuta kwa mbwembwe mtego ambao niliutundika mwenyewe, nimeweka kiganja juu ya macho kama nahodha. Mama Pacha akasema nyuma yangu, taratibu kabisa:

"Meno, huyu jangili mpya nimeanza kumwonea huruma."

"Kwa nini?"

"Ni mjinga. Anatega mahali ambapo hapiti hata panya. Kitanzi anakiweka juu, sijui anamtegea twiga. Na fundo lake..." Akatoa waya mfukoni. "Fundo lake ni lile ambalo wewe unafungia kamba ya kuanikia soksi. Mzunguko mmoja wa ziada usio na kazi, kwa ajili ya maringo."

Nikashusha kile kiganja.

"Niliwaza pacha wako," nikasema. "Na bati la mama. Na wote."

"Najua ulichowaza. Ungekuwa umewaza mabaya ningekuwa nimeshakupiga kibao." Akakaa kwenye gogo. "Mwanangu, siku watakapogundua, na watagundua, watasema hata yale magunia ya zamani yalikuwa ya uongo. Miaka yote niliyotembea humu nikiwa na ujauzito, nikiwa na homa, utakuwa umeifuta wewe kwa fundo la soksi. Na mtego hauna akili. Haujui kwamba wewe ulikuwa unaigiza. Umetundika mingapi ambayo hatujaitoa?"

"Miwili."

"Twende."

Mmoja tuliutoa hapohapo. Wa pili nilikuwa nimeufunga kwenye mti ulioinamia mto, mahali pazuri pa kuvutia macho. Tulipofika, mti haukuwepo. Ukingo wote ulikuwa umeporomoka na mafuriko. Maji mekundu, matawi, povu, na mtego wangu mahali fulani katikati ya hayo, mdomo wazi.

Mama Pacha akakata fimbo ndefu, akaanza kuchokoa povu.

Jumapili, Machi 23

Mvua. Mto hausogeleki. Sikula.

Redio kaniuliza kama nimeugua malaria au mapenzi. Nimemwambia yote mawili.

Jumatatu, Machi 24

Tumefuata ukingo kwa chini. Hatukuuona. Nimeota mnyama amesimama mlangoni kwa mama, upande wa turubai, na waya mguuni.

Jumatano, Machi 26

Nimeshika kalamu mkono mmoja na barafu mkono mwingine. Nitaeleza.

Maji yalipungua kidogo asubuhi. Mama Pacha akasema kama mti ulisombwa, utakuwa umekwama kwenye mawe kule mto unapokunja, na mawe yale yako ng'ambo. Nikasema hatuna ruhusa. Akasema, "Uliomba ruhusa ulipotega?" Tukavuka, maji kiunoni, tumeshikana mikono kama watoto wa chekechea.

Hatukuwa tumekwenda mbali tukasikia. Sauti si kubwa. Ni kama mtu anayekohoa halafu majani yanachapwa, kimya, halafu tena. Tukapasua vichaka, tukamwona: paa jike, mguu wa nyuma umebanwa, ameshauzungukia mti mpaka waya umebaki mfupi. Alikuwa anatetemeka, macho yote meupe.

Nikasema, "Nimemuua. Mama Pacha, nimemuua."

"Hajafa. Toa koleo."

Akavua koti lake la mvua akamfunika paa kichwa, akamlalia shingo kwa kifua, anamnong'oneza maneno anayowaambia pacha wake. Nikainama kwenye mguu. Waya ulikuwa umezama kwenye ngozi. Nikakata mara ya kwanza, koleo likateleza. Mara ya pili, ta! Ukakatika. Mimi badala ya kusogea nikainua uso kumwangalia Mama Pacha nikitabasamu, nipongezwe. Paa naye akanipongeza kwa kwato.

Jino la mbele, la juu. Kiongozi wa gwaride.

Nilipoacha kuona nyota, paa alishakwenda, anachechemea lakini kwa miguu yote minne. Mama Pacha alikuwa anacheka mpaka analia, au analia mpaka anacheka, kwa mvua ile huwezi kujua. Halafu akauokota waya, akaupangusa. Akanionyesha.

"Hili si fundo lako."

Nikaliangalia. Lilikuwa limekaza, safi, dogo, halina mzunguko wa maringo. Kitanzi kimewekwa kimo cha goti la paa hasa, kwenye njia yenye kwato mbichi.

Tukainua vichwa. Tulipojua cha kutafuta tukauona wa pili. Wa tatu. Kila njia ya mnyama ilikuwa na kitanzi chake, mingine miwili miwili. Kulikuwa na mabaki ya nguruwe mwitu ambaye hakuna aliyemwokoa. Msitu uleule, miti ileile, hatua chache tu za maji. Ukisimama unauona upande wetu, nyani wanakula matunda kama wako kwao. Huku hata ndege walikuwa wachache.

Nikasema, nikitema damu, "Tuiache! Mgeni akija tumlete aione kwa macho yake. Huu ndio ushahidi!"

"Na paa atakayepita kesho utamwambia nini? Asubiri mgeni?"

Tukategua mpaka mikono ikachanika. Mtego wangu hatukuuona.

Redio aliponiona tu mlangoni alisema, "Karibu, Pengo." Basi, jina limeshapatikana. Miezi yote hii ya kujenga jina, na paa analibadilisha kwa teke moja.

Alhamisi, Machi 27

Tumemwambia Kobe yote. Nilisema mimi, Mama Pacha alisimama tu karibu. Kobe alisikiliza akikata kucha. Alipomaliza mkono wa pili akachukua simu akampigia Bi Jedwali.

"Ile mitego ya mwezi huu, futa... Ndiyo, yote... Kwa sababu haikuwa ya jangili." Akakata.

Nikasubiri kufukuzwa. Akaniambia, "Utachimba choo kipya."

"Na nyaya za ng'ambo, Mkuu? Hizo ni za kweli. Tuziandike!"

"Hazikuwa za upande wetu. Zikae kwenye gunia la peke yake." Akafikiri. "Tumevuka mara moja kuokoa mnyama. Mgeni akitaka kuvuka, hiyo ni ruhusa yake. Jangili hatakuwa amechoka kutega. Yeye mkataba wake haukwishi."

Nilidhani Kobe ni mtu wa polepole. Kumbe Kobe ni mtu wa hesabu ndefu.

Ijumaa, Aprili 4

Choo. Doria. Hakuna kitu. Nimelisema kwenye redio kwa sauti ya kawaida, Redio akauliza kama niko salama.

Jumamosi, Aprili 5

Nyumbani. Mama kaniona pengo akashika kifua. "Majangili?" Nikafungua mdomo kuwaita wale sita wenye mapanga. Halafu nikasema, "Paa, mama. Nilikuwa namfungua." Dada aliacha kuosha vyombo. Alinimiminia chai bila kunitukana, jambo ambalo halijatokea toka nizaliwe.

Upepo umechana turubai. Nimelishona kwa waya, fundo safi, bila mzunguko wa ziada.

Jumatano, Aprili 16

Mvua, doria, hakuna kitu. Choo kimekwisha. Ni choo kizuri kuliko vyote nilivyoviona, na nimeingia vingi.

Alhamisi, Aprili 24

Mfadhili amekuja.

Tulitegemea mtu wa suti na tai. Akashuka mzee mwenye kipara, suruali imechomekwa kwenye soksi, na mwamvuli mkubwa mweusi. Mwamvuli, msituni! Redio akanong'ona, "Huyo ataning'inia kwenye mti kama popo." Lakini alitembea. Kobe mbele, Mzee Mwamvuli, Bi Jedwali, mimi na Mama Pacha nyuma. Aliuliza machache. Nyani walitutazama wakaendelea na yao. Paa wawili walivuka njia bila haraka, Mzee Mwamvuli akasimama mpaka walipopita, kama mtu aliyekutana na msiba.

"Na mitego?" akauliza.

"Hakuna, mzee," akasema Kobe.

"Msimu mzima?"

"Msimu mzima."

Bi Jedwali aliangalia chini. Tukafika mtoni. Maji yalikuwa yameshuka, matope yamekauka kando, takataka za mafuriko zimelala ukingoni. Mzee akachokoa zile takataka kwa ncha ya mwamvuli, kama wazee wanavyochokoa kila kitu. Mwamvuli ukanasa. Akavuta. Ukabana. Akazidi kuvuta, ukazidi kubana. Akauinua, na kwenye ncha yake kinaning'inia kitanzi cha waya, kimevaa matope, na fundo lenye mzunguko mmoja wa ziada.

Upande wetu. Upande ambao Kobe ametoka kusema hakuna.

"Mkuu," akasema yule mzee, kwa upole sana, "na huu?"

Kobe hakugeuka kunitazama. Wala Mama Pacha. Kama wangenitazama ningeweza kujifanya wamenilazimisha. Mkuu alishafungua mdomo, na nilijua anataka kuubeba yeye.

"Huo ni wangu, mzee," nikasema. Kwa pengo langu ikatoka na mluzi. "Nimeutega mimi."

Akageuka mzima mzima, na mwamvuli. "Wewe ni askari."

"Ndiyo. Tuliambiwa tusipopata mitego hatuna kazi. Nikatega ili nitegue. Huu ukapotea na mafuriko, tumeutafuta siku nyingi. Ile iliyoandikwa Mkuu aliifuta. Wao hawakujua. Kama ni kufukuza, nifukuze mimi, mimi nina miguu ya kutafuta kazi. Yule ana pacha, Redio ana goti, na Mkuu huyu ukimwondoa, jangili atawahi kujua kabla yako."

"Na usingetega, ningekuta nini hapa?"

"Hakuna kitu."

Akaangalia maji.

"Na kule?"

"Kule walikuwepo askari mpaka mwaka jana," akasema Kobe. "Ukitaka kuvuka, tunavuka."

Akavua viatu, akakunja suruali. Kobe akamshika mkono mmoja, mimi mwingine, mwamvuli kaubeba Bi Jedwali kama mshumaa. Mama Pacha alitangulia, na ng'ambo alinyoosha kidole tu. Kule. Na kule. Na pale. Palepale tulipokuwa tumesafisha mwezi uliopita, nyaya mpya, zinang'aa bado. Bi Jedwali aliukanyaga mmoja kwa bahati mbaya, kitanzi kikamfunga buti, akatoa ukelele, na Mama Pacha akapiga magoti kumfungua. Alipokuwa anafunguliwa nilimwona anatazama upande wetu, halafu huku, halafu upande wetu.

"Safu moja," akasema peke yake. "Nilikuwa nahitaji safu moja tu ya pili."

Mzee Mwamvuli aliniambia ninyanyue mguu. Nikanyanyua, buti la kushoto. Akachungulia tundu kwenye soli mpaka akaniona soksi.

"Vikombe mnavyo?"

"Tele, mzee. Hata kuku wanachagua."

Hakucheka. Tulitegua kila tulichokiona, na yeye alitegua, vibaya, nikamwonyesha. Alipoondoka hakuahidi kitu. Alimpa Kobe mkono, akampa Mama Pacha, akafika kwangu akaupita mkono wangu, akarudi, akanipa.

Jumatatu, Aprili 28

Hakuna kitu. Hakuna simu pia.

Jumapili, Mei 4

Mvua zinachoka. Zinanyesha kama mtu anayeaga mlangoni na haondoki. Hakuna kitu.

Ijumaa, Mei 9

Bi Jedwali kapiga simu. Redio aliipokea, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akawa anasema "Eee" tu. "Eee. Eee. Eee." Tulitamani kumnyonga. Akaiweka chini, akafuta macho kwa fulana ya nembo.

Mishahara yetu imelipiwa, si kwa msimu, kwa miaka. Kituo cha ng'ambo kinafunguliwa, na muuza vocha keshaitwa arudi. Bajeti ya vikombe imekuwa ya buti. Na katika jedwali kuna safu mpya: njia zilizopitiwa na kukutwa salama.

"Kuna na barua ya onyo kwa Pengo," Redio akasema. "Ya mwisho."

"Iko wapi? Niibandike ukutani. Hakuna mtu hapa mwenye barua kutoka juu kama mimi."

Kobe akasema wale askari wapya wa ng'ambo watahitaji mtu wa kuwafundisha kutambua mitego, fundo gani la jangili na fundo gani la mjinga.

"Mwalimu tunaye," akasema Mama Pacha. "Wa fundo la pili ni bingwa."

Nikacheka, upepo ukapita pengoni.

Jumamosi, Mei 17

Nimemwezekea mama upande wa pili. Dada alinishikia ngazi, akilalamika kila msumari. Tulipomaliza mama alirudisha kitanda mahali pake, katikati ya chumba, akakaa akaangalia juu kwa muda mrefu.

"Na wiki hii mmekamata nini, baba?"

"Hakuna kitu, mama."

"Alhamdulilahi," akasema, akanisogezea chai.

Jumatatu, Mei 19

Jua. Buti mpya. Doria, mimi na Mama Pacha, pande zote mbili za mto mpaka jioni. Yule paa anayechechemea kapita mbele yetu na mtoto. Nilifunika mdomo.

"Nakupata, doria. Mna nini?"

Hakuna kitu.